Kona ya Dada: Fundi Asishike Mkasi Kabla Hujaijua Lesi ya Bibi



Leo nina barua ya msichana wa Tanga anayetarajia kuolewa. Bibi yake amefariki na kumwachia sanduku la bati. Ndani mna vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, shela fupi ya lesi, na utepe mrefu mwembamba wa lesi uliozungushwa kwenye kipande cha boksi. Mama yake anamwambia agawe, nyumba za siku hizi hazina nafasi ya vitu hivyo. Fundi wa gauni anataka aletewe vyote avikate, apate mikono na mgongo wa gauni la harusi. Yeye mwenyewe ananiuliza mambo mawili: vitu hivi vina thamani yoyote? Na mtu wa umri wake, ambaye hajawahi kushika sindano, anaweza bado kujifunza?

La kujifunza jibu lake ni ndiyo, bila wasiwasi wowote. La thamani linataka maelezo, na kabla sijayatoa nakuomba mdogo wangu umwambie fundi asubiri.

Nianze na picha ulizonitumia. Kuna kitambaa kimoja cha mviringo umekipiga kwa karibu sana, nami nimekikuza kwenye simu nikakikagua mzunguko kwa mzunguko. Katikati pana duara dogo la minyororo. Kutoka hapo zinasimama nguzo fupi, kisha nguzo ndefu, kisha matao, na kila mzunguko unashikilia ule uliotangulia hadi ukingoni. Kwenye mzunguko mmoja uzi uliisha. Bibi yako ameunga uzi mpya na kuificha ncha ndani ya nguzo ya jirani, na kwa mbele huoni kitu. Nimegundua kwa sababu nguzo ile imenenepa kidogo kuliko wenzake. Tao moja la ukingoni lina mnyororo pungufu. Ukikilaza mezani hutaliona, ukihesabu utaliona. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kazi ya mkono: mkono haurudii jambo kwa usawa ule ule mara mia. Mashine ikikosea, hukosea mahali pale pale kila ua linapojirudia.

Kitambaa hicho ni cha kroshia, na kuhusu kroshia kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mpaka leo viwanda havina mashine inayofuma kroshia halisi. Zipo zinazoiga sura yake kwa mbali, lakini kile kitanzi kinachopita ndani ya kitanzi kwa ndoano ni cha binadamu. Ukikuta kitambaa cha kroshia kinauzwa bei ya soda, tambua kwamba kuna mwanamke mahali fulani aliyekaa akakifuma. Nitalirudia hili mbele.

Shela na utepe ni habari nyingine, maana lesi ya mkono haifanywi kwa kroshia tu. Iliyo kongwe zaidi ilizaliwa Ulaya katika karne ya 16, Venice na maeneo ya Flanders, kwa njia mbili tofauti.

Njia moja ni ya vijiti. Fundi ana mto mgumu, juu yake karatasi yenye ramani iliyotobolewa, na vijiti vingi vya mbao, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Anafanya mambo mawili tu: kupishanisha na kusokota. Anashika jozi mbili za vijiti, anapishanisha, anasokota, anachomeka pini kwenye tundu la ramani ili kazi isiteleze, anahamia jozi zinazofuata. Aliyewahi kumtazama mama akisuka ukili wa mkeka ataielewa haraka: ni kusuka, ila badala ya ukindu ni nyuzi nyembamba kama unywele, na zinaweza kufika mamia.

Njia ya pili ni ya sindano moja na uzi mmoja. Mchoro unawekwa chini, nyuzi za mpaka wa mchoro zinashikizwa juu yake kwa mishono midogo, halafu fundi anajaza nafasi zote kwa mshono kama ule wa tundu la kifungo, safu juu ya safu, pasipo kitambaa chochote chini. Akimaliza anakata ile mishono ya kushikizia, na lesi inabanduka kutoka kwenye mchoro ikiwa inajitegemea. Mimi hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote.

Lakini haikuanza ghafla. Mwanzoni wanawake wa Italia walitoboa na kukata kitani, wakazungushia matundu uzi yasifumuke. Matundu yakaongezeka, kitani kikapungua, hadi wakaona wanaweza kushona bila kitani kabisa. Sasa ninyi wa pwani, hebu itazameni kofia ya viua, ile nyeupe ya Zanzibar au Lamu, au ile wanayovaa ndugu zetu wa Oman. Kila kitobo kimezungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, na maua yote ya kofia yanatokana na mpangilio wa vitobo hivyo. Sisemi kofia yetu imetoka Italia. Ninachosema ni kwamba anayeshona viua ameshaweza hatua ile ile ambayo lesi ya sindano ilianzia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lesi ni ufundi wa wazungu ambao mkono wako hauuwezi.

Thamani yake basi? Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa na waziri, Colbert, aliyekerwa na fedha zilizokuwa zikitoka nchini kununulia lesi ya Venice. Mwaka 1665 alianzisha viwanda vya kifalme vya lesi, na mafundi wa Venice wakaletwa kuwafundisha Wafaransa. Mji mmoja uliopata sifa hapo ni Alençon. Lesi yake ya sindano iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, na maelezo ya UNESCO yanasema sentimita moja ya mraba huchukua saa 7 za kazi, na kuumiliki ufundi wenyewe huchukua miaka 7 hadi 10. Piga hesabu. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 ni saa 700. Ukifanya kazi saa 8 kila siku bila kupumzika, unakaribia miezi mitatu kwa kitu kinachotosha kiganja.

Ndiyo maana mashine ilipokuja ilifagia. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya kufuma kimia, miaka michache baadaye John Leavers wa Nottingham akatengeneza yake, na kabla karne ya 19 haijaisha lesi ikawa kitu cha kuuzwa kwa yadi. Mafundi wa mkono wakabaki wachache, mahali pengine mmoja.

Nikisema mmoja sitii chumvi. Katika kisiwa cha Burano, karibu na Venice, mwaka 1872 watu walipotaka kufufua lesi ya sindano walimkuta bibi kizee anayejulikana kwa jina la Cencia Scarpariola, ambaye bado alikuwa anajua. Alikuwa anajua kushona, ila hakuweza kufundisha. Basi mwalimu wa shule ya wasichana alikaa naye, akamtazama mikono mpaka akaelewa, kisha yeye akawafundisha wasichana. Shule ya lesi ikafunguliwa mwaka huo huo na ikadumu hadi 1970. Leo jengo lake ni makumbusho ya lesi. Ireland nako, wakati wa njaa kubwa iliyoanza 1845, sista Mary Ann Smith wa mji wa Youghal alichukua kipande cha lesi ya Kiitalia akakifumua uzi kwa uzi hadi akajua kilivyoshonwa. Wasichana aliowafundisha waliuza kazi zao na kulisha familia. Kroshia ya Ireland nayo ilikua katika shida ile ile, kwa sababu inaiga sura ya lesi ya sindano kwa muda mfupi zaidi. Masista na wamisionari waliofungua shule za wasichana huku kwetu nao walikuja na sindano zao, na bibi zetu wengi walianzia hapo kabla ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe barazani.

Mdogo wangu, ninakusimulia haya kwa sababu ufundi wa Burano na Youghal uliokolewa na mtu aliyekaa akatazama kwa makini. Hakuna aliyeuokoa kwa kuufungia sandukuni.

Sasa chukua utepe wako, nenda dirishani penye mwanga, weka kitambaa cheusi chini yake. Tumia kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Ukiona nyuzi zinapita juu na chini ya wenzake kama msuko, na zinafuata mkunjo wa ua badala ya kwenda wima tu, una kazi ya vijiti. Ukiona safu za vitanzi vidogo vilivyobanana, ni ya sindano. Ukiona nyuzi zilizonyooka kama waya kutoka mwanzo hadi mwisho wa utepe, na nyuzi nyembamba zaidi zimejizungusha juu yake, hiyo ni mashine, na mara nyingi ukingoni utakuta manyoya pale nyuzi zilipokatwa. Lesi nzito ya maua makubwa isiyo na wavu, ambayo wengi tunaishona magauni, kwa kawaida hutariziwa kwa mashine juu ya kitambaa cha muda ambacho baadaye huyeyushwa. Igeuze nyuma utaona mishono ya cherehani. Na tafadhali usichome uzi kwa kiberiti ukitaka kujua ni pamba au nailoni, kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji. Kitu cha urithi hakijaribiwi kwa moto.

Ukigundua ni ya mashine usivunjike moyo. Lesi ya mashine ya miaka hamsini iliyopita inaweza kuwa nzuri kuliko nyingi za leo, na bibi yako aliivaa. Hata lesi zinazotamba kwenye harusi za Lagos, ambazo mitindo yake tunaifuata Dar, Mombasa na Kampala, tangu miaka ya 1960 nyingi zilitariziwa kwa mashine huko Austria, katika mji wa Lustenau na vijiji vya jirani, kwa soko la Nigeria. Ni kazi ya heshima. Ninachotaka ni ujue unachokilipia, maana kuna wanaouza ya mashine kwa bei ya mkono, na wapo watu wanaogawa ya mkono bure.

Tuje kwa fundi na mkasi wake. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 alivaa lesi ya Honiton, iliyosukwa kwa vijiti na wanawake wa kijiji cha Beer, Devon. Hakuikata. Alikuwa akiibandua kwenye gauni moja na kuishikiza kwenye jingine. Mwaka 1885 alimpa binti yake Beatrice aivae kwenye harusi yake, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela yake ya harusi usoni, kama alivyousia. Angeikata vipande siku ya kwanza, yote hayo yasingewezekana.

Kwa hiyo mwambie fundi ashone gauni lako likamilike bila lesi ya bibi. Kisha shela na utepe vishikizwe juu kwa mkono, kwa mishono mirefu iliyolegea, uzi wa pamba mwembamba, asipitishe cherehani hata mara moja. Baada ya harusi unafumua mishono ile na lesi inarudi nzima. Kama gauni lina jasho na manukato mengi, weka kitambaa chepesi kati ya lesi na mwili. Na mikono iwe safi. Gauni la harusi la Catherine Middleton, aliyeolewa na Prince William wa Uingereza mwaka 2011, lilitumia lesi ya mashine ya Uingereza na Ufaransa, maua yakakatwa na kushonwa kwa mkono juu ya kimia na mafundi wa Royal School of Needlework. Mafundi hao walikuwa wakinawa mikono kila nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya saa tatu. Kama ya mashine iliheshimiwa hivyo, ya bibi yako je?

Utunzaji ni rahisi, tatizo letu ni mazoea. Usitie jiki. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, bonyeza kwa kiganja, usisugue, usikamue. Ukiitoa majini iinue ikiwa juu ya taulo, kwa sababu uzi uliolowa ni mzito na nyuzi kuukuu hukatika kwa uzito wake wenyewe. Tandaza juu ya taulo kavu kivulini, nyoosha kila tao kwa vidole, shikiza kwa pini zisizoshika kutu. Wanga au maji ya sukari tunayotumia kukaushia vitambaa visimame ni ya kupambia tu; ukitaka kuhifadhi kitambaa, fua kwanza wanga wote uishe, la sivyo unawaandalia wadudu na sisimizi chakula. Mifuko ya plastiki ni adui mkubwa kwenye joto la pwani, inafungia unyevu na ukungu unaota. Tumia foronya ya pamba iliyofuliwa. Utepe uviringishe, usiukunje, kwa kuwa mkunjo ule ule kwa miaka ndio unaokata nyuzi. Kile kipande cha boksi ulichoukuta nacho kitenganishe nao, karatasi za aina hiyo hugeuza pamba kuwa njano.

Na muulize mama, shangazi, jirani wa bibi: nani alifuma kipi, lini, kwa ajili ya nani? Andika kwenye kipande cha kitambaa cheupe kwa kalamu isiyochuja, ukishone kwenye foronya. Lesi nyingi kwenye makumbusho ya dunia hazina jina la mwanamke aliyezifanya. Ya kwako iwe nalo.

Kujifunza sasa. Anza na kroshia, usianze na vijiti. Nunua sindano ya kroshia ya milimita 3 na uzi mnene wa rangi nyepesi unaokuwezesha kuona kitanzi. Zile ndogo za milimita 1.25 au 1.5 na uzi mwembamba zitafuata mkono ukishazoea. Jifunze mnyororo hadi utoke sawa bila kukaza. Kisha nguzo. Ukiweza mnyororo na nguzo, unaweza tayari mtindo wa vyumba: miraba mitupu na miraba iliyojazwa, ambayo ikipangwa inatoa ua, kipepeo, hata maandishi kama ya vile vitambaa vya Karibu Wageni. Mchoro wake unauchora mwenyewe kwenye daftari la hesabu la miraba, unapaka weusi vyumba vya kujaza. Nauona mtindo huu kuwa mwalimu bora kwa anayeanza, kwa sababu ukikosea kuhesabu kosa linajionyesha mstari unaofuata, na kufumua ni kuvuta uzi tu. Mifano iko tele mtandaoni, ila ukipata mtu wa kukaa karibu naye, kaa naye. Video haiwezi kukushika kidole ikakuonyesha unakaza mno.

Kati ya vitambaa vya bibi chagua kile kilichochanika kupita kutengenezwa. Fumua mzunguko mmoja polepole, ukiandika kila unachokiona kinatoka, kisha jaribu kuufuma upya. Utamwelewa bibi yako kwa namna ambayo hukuwahi alipokuwa hai.

Ukinogewa, ndipo uje kwenye vijiti. Jaza foronya ndogo unga wa mbao, ishindilie hadi pini isimame wima. Vijiti unaweza kuchongewa na seremala, au anza na penseli nyembamba. Vijiti vinne, yaani jozi mbili, vinatosha kusuka msuko wako wa kwanza. Pishanisha, sokota, chomeka pini.

Sasa lile nililosema nitalirudia, la kroshia inayouzwa bei ya soda. Mwaka 1982 Mjerumani Maria Mies alichapisha kitabu kuhusu wanawake wa Narsapur, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, wanaofuma lesi ya kroshia majumbani kwa soko la nje. Walifanya kazi saa nyingi kila siku, lakini kwa sababu walikuwa ndani na watoto miguuni, kazi yao ilihesabiwa kuwa ya kupitishia muda, na malipo yakawa ya kupitishia muda vilevile, huku wafanyabiashara wakitajirika. Mnaposoma haya msifikirie India tu. Huku kwetu pia tunamwambia mama anayefuma, "Si unakaa tu nyumbani?" halafu tunampunguzia bei. Seti ya kochi ya vipande kadhaa inakula wiki nyingi za macho na mgongo wake, na mtu yuleyule anayembana yeye analipa bila kuuliza kwa kitambaa cha dukani.

Mdogo wangu wa Tanga, vaa shela ya bibi yako, na harusi yenu iwe ya heri. Vitambaa vya makochi gawana na binamu zako kama mama anavyotaka, ila kila anayechukua aambiwe ni kazi ya nani na afundishwe kufua. Na ninyi wengine wenye bibi, mama mdogo au jirani anayefuma au kushona kofia za viua, nendeni mkakae naye angali anaona vizuri uzi wake. Mkiagiza kazi kwake, muulizeni imemchukua siku ngapi, na mlipeni siku hizo.